Kitanda cha Profesa

Kitanda cha dada yangu kilitoka nyumbani kabla yeye mwenyewe hajaondoka, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Habari ya chuo ilifuata baadaye.

Dada alikuwa ameomba kusoma masta huko mbali, kwenye chuo chenye majengo ya mawe na miti mirefu. Tuliyaona kwenye simu yake mpaka tukayazoea kama ukuta wa jirani. Anachosomea ni maji. Si ya bomba, si ya mto. Ni maji yaliyo chini ya ardhi, yanayotembea gizani bila mtu kuyaona. Tangu zamani, ukikaa naye nje jioni anaweza kunyamaza ghafla, akaangalia sakafu, akasema, "Hapa chini kuna maji yanapita, unajua? Polepole sana. Mvua iliyomnyeshea babu akiwa kijana, labda ndiyo inapita sasa hivi." Halafu anarudi kumenya viazi kama vile hajasema kitu.

Mimi shule niliiacha mapema. Sikuweza kukaa kwenye dawati, makalio yalikuwa yanawasha, na ndiyo maana wananiita Kiroboto. Mambo ya vitabu usiniulize. Lakini akisema hivyo, hata mimi nilikuwa nainua miguu kidogo, nisije nikaikanyaga mvua ya babu.

Sasa, maprofesa wa chuo hicho walimpigia simu ya video wamsaili. Alikaa chumbani kwake, amevaa blauzi ya heshima juu na kanga chini, maana chini hawaoni. Mama alijibanza nyuma ya mlango na sindano mdomoni, yeye hushona sare za shule na sindano haimtoki mdomoni hata akilala. Hakuelewa walichokuwa wanaongea, lakini katikati akasikia kicheko. Dada amecheka, na wale maprofesa nao wamecheka.

Mama alirudi sebuleni kwa vidole.

"Wamemchukua," akasema.

"Wamesema?" baba akauliza.

"Wamecheka naye. Mtu hacheki na mtu anayemfukuza."

Ukitujua sisi, hutashangaa. Nyumbani kwetu mambo huamuliwa hivyo. Mchumba wa binamu yangu alizungushwa sana kwa maneno, mpaka siku alipomchekesha baba, basi, yakaisha palepale. Kwa hiyo jioni hiyo dada akageuka Profesa. "Profesa, nipe chumvi." "Profesa, zima taa." Yeye anasema jamani subirini jibu, sisi tunasema Profesa ana unyenyekevu.

Binamu alikuwa anaolewa na hana kitanda. Mama akasema kile cha Profesa kinakaa bure tu, mwenyewe si anaondoka. Kikabebwa. Baba ni fundi wa rangi, hupaka nyumba za watu, na uani kwetu kuna makopo ya masalia kuliko sufuria. Akachagua rangi iliyobaki kwenye kliniki ya meno, samawati ya kupauka, akakipaka chumba cha dada ili kiwe changu. Nikahamia na kigodoro changu chembamba. Nilifurahi, siwezi kudanganya. Nimelala sebuleni tangu nikiwa mtoto, kwenye kochi lenye chuma kinachonijua mbavu. Dada akaja kulala kwenye kochi hilo, "kwa muda tu," akisema anacheka, sanduku lake limesimama karibu na kichwa.

Nakumbuka asubuhi zile nikitoka kwenda kazini nilimkuta kochini macho wazi, anaangalia dari. Nikadhani anaiona ile miti mirefu.

Jibu lilikuja asubuhi, tunakunywa chai. Simu ikalia kidogo, akasoma, akailaza kifudifudi mezani, akaiwekea na mkono juu kama mtu anayefunika kikombe nzi asiingie.

"Wamekataa," akasema.

"Nani?" mama akauliza.

"Chuo."

"Si walicheka?"

"Walicheka, mama. Halafu wamekataa."

Nikaichukua simu nikasoma mwenyewe. Tunasikitika kukufahamisha, tunasikitika hivi, tunasikitika vile. Wanasikitika wapi. Mtu anayesikitika haandiki mistari iliyonyooka namna ile.

Baba akataka sukari, akaanza, "Pro..." akakwama. Jina la zamani lilishamtoka mdomoni, jipya limekufa. Mwishowe akainuka akaifuata mwenyewe, wakati ilikuwa mbele ya dada.

Jioni nikamwambia dada achukue chumba chake.

"Si changu tena," akasema. "Kina rangi yako."

"Rangi ya meno hiyo, si yangu. Ingia."

Akaingia na sanduku lake. Kitanda hakipo, na kukidai kwa maharusi utaanzia wapi? Akajilaza kwenye kigodoro changu pale chini, akageukia ukuta wa samawati, akalala.

Namaanisha alilala. Alilala asubuhi, alilala mchana jua linapopita dirishani na kutembea juu ya shuka mpaka likamfikia usoni, na uso haukusogea. Akiamka anakunywa maji, anaenda kuoga, anarudi. Ukimuuliza anakujibu vizuri kabisa, ila kwa sauti ya mtu aliye chumba cha pili. Mchana mmoja nilikaa karibu naye nikamuuliza unaota nini humo.

"Nyumba," akasema. "Hii hii. Ila sakafu ni maji, na nyinyi mnatembea juu, naona nyayo zenu kutoka chini. Nagonga. Mama anasema panya hao."

"Unagonga na nini?"

"Na sanduku."

Sikupenda ndoto hiyo. Nikatoka nje nikapiga teke kopo la rangi.

Mjomba akaja. Mjomba wetu ni mtu wa kupanga maisha ya watu, na hajambo kwa hilo, watoto wake wote wamepangika kama vikombe kabatini. Anamfahamu daktari mwenye kliniki ya macho, anahitaji mtu wa mapokezi, msichana msomi, anayejua kuongea na watu. Jibu atalitaka mwisho wa mwezi.

"Kazi nzuri," mjomba akasema, akinong'ona maana mlango wa chumba uko palepale. "Kivulini. Kiti kinazunguka. Haya mambo ya maji aliyoyazika Mungu mwenyewe, mtu anayafukua ya nini?"

"Kuna chuo kingine," nikasema. "Alianza kuomba nafasi huko. Nacho kinafunga mwisho wa mwezi."

"Ameanza, au amemaliza?"

"Ameanza."

"Basi na mimi nimeanza kuota nywele," mjomba akasema, akajipapasa upara.

Hapo ndipo nilipoona njia panda yenyewe. Mwezi ukiisha, ama dada atume maombi mapya, ama akae kwenye kiti kinachozunguka mpaka azoee, na ninavyoijua familia yetu, ukishazoea umekwisha. Mimi nilitaka atume. Si kwa ajili ya chumba, ingawa chumba nilikitaka. Nilitaka kwa sababu nyumba nzima yeye peke yake ndiye aliyewahi kuniambia kitu nikainua miguu.

Nikaingia chumbani nikamwambia amka uandike. Nikamtingisha bega.

"Kiroboto," akasema macho yamefumba, "waliniambia swali langu ni pana mno. Waliandika pale chini, hukusoma mpaka mwisho. Nami silioni jingine. Niache."

"Usipoandika wiki hii..."

"Niache nimesema."

Nikamwacha. Lakini mimi kuacha sijui, nikaenda nao moto ule kazini.

Kazi yangu ni ya magodoro. Karakana yetu ina sehemu mbili. Mbele ndiko kwenye kelele: Bwana Povu, mkubwa wetu, anachanganya dawa zake, tunamimina kwenye sanduku kubwa la mbao, na kile kitu kinaanza kuumuka, kinapanda chenyewe kama kimeitwa, cheupe, kinapumua, mpaka kinasimama bonge refu kuliko mtu. Nimeliona mara ngapi sijui, na kila mara naangalia kama mara ya kwanza. Halafu tunalitoa, tunalisukuma taratibu mpaka nyuma, kwenye chumba tunachokiita bwenini.

Bwenini mabonge yanalala. Bonge jipya ndani lina moto, unaweza usiujue kwa nje, na linatakiwa likae mpaka siku ya pili, wakati mwingine zaidi, likomae. Humo hatupigi kelele. Hatubamizi mlango. Mtu mgeni akiingia anashangaa wanaume wazima, wenye vumbi la sponji hadi kwenye nyusi, wananong'onezana kama wamekuja kuona mgonjwa. Dirisha liko juu, mwanga unashuka mweupe, mabonge yamepangana, na kuna joto fulani hivi la mwili. Mchana ukisimama katikati yake kimya unahisi uko ndani ya wingu, na mawingu mengine yamekuzunguka yamelala. Kabla ya kukata, Bwana Povu huweka shavu kwenye bonge. Anasikiliza. Akisema "bado," ni bado.

Siku hiyo hakuwepo, amefuata dawa. Nami nilikuwa na hasira, na mikono yangu ikiwa na hasira haikai. Nikachagua bonge la jana jioni. Nikaweka shavu kama yeye, nikasikia joto, nikajiambia joto dogo hilo. Nikalisukuma kwenye msumeno, nikalipasua upande.

Lilitoa pumzi. Hakuna neno jingine. Likashusha pumzi ndefu, ya moto, usoni kwangu, na katikati likaanza kuzama. Polepole, kama mtu aliyekuwa amesimama akaamua kukaa. Nilibaki nimelishika kwa mikono miwili, eti nalizuia, huku linaniporomokea kati ya vidole.

Bwana Povu alipofika alilizunguka mara moja. Hakugomba. Bora angegomba.

"Umemwamsha mtoto," akasema.

"Nilidhani..."

"Wewe Kiroboto, nani akupe godoro? Nilimwambia mke wangu siku ya kwanza, leo nimeajiri kiroboto nikamweka kwenye magodoro, niombee." Wenzangu wakacheka chinichini, maana tulikuwa bwenini. Akabonyeza ile sehemu iliyozama. "Hili haliuziki. Huku limebanana kama jiwe, huku laini, katikati bonde. Utalibeba wewe, ukalilalie mwenyewe, likufundishe."

Nikalikata unene wa godoro, nikapata moja kubwa lenye bonde katikati na vipande kadhaa pembeni, nikapakia kwenye mkokoteni. Njiani watu wananiuliza unauza, nawaambia naadhibiwa.

Na ni huko njiani, nasukuma kile kitu cheupe kinachotikisika mbele yangu, ndipo nilipoanza kuifikiria ile ndoto ya sanduku. Kugonga. Panya hao. Kisha nikakumbuka zile asubuhi za kochini, macho wazi, kabla ya jibu lolote. Mtu mwenye furaha halali vile. Nikasimama katikati ya barabara mpaka mwenye baiskeli akanitukania ukoo.

Nyumbani mama alinikuta uani nayapanga matofali yawe miguu ya kitanda.

"Unafanya nini?"

"Kitanda cha dada."

Akaitoa sindano mdomoni. Hapo ujue mambo ni mazito.

"Unamtandikia kitanda? Mtoto amekataliwa juzi, wewe unamtandikia? Si unamtabiria kubaki?"

"Mama, ongea chini, analala."

"Nyumba yangu niongee chini?"

"Chini, mama. Tafadhali." Nami nikashusha sauti, ile ya bwenini. Na ajabu, yeye naye akashuka. Tukaanza kugombana kwa kunong'ona, kitu ambacho hatujawahi kukifanya maishani, na nakuambia ukigombana kwa kunong'ona inabidi useme ukweli, maana kelele ya kujifichia haipo.

"Tulimtoa kitandani kabla hajaitwa," nikasema. "Akifaulu anaondoka, sawa. Asipofaulu tulimpangia alale wapi? Hatukumpangia. Atajaribu vipi tena, mama? Mtu anarukaje kama chini hamna kitu?"

"Kwa hiyo mimi ndiye mbaya. Mimi niliyefurahi."

"Sijasema mbaya. Tulifurahi vibaya tu. Hata mimi, nilichukua chumba."

Mama akaangalia bonde la godoro. "Na hili nalo mbona limekaa hivi? Limekaliwa na tembo?"

"Nililiamsha mapema."

Baba alikuwa amesimama pale mlangoni muda wote na brashi mkononi. Baba maneno yake huyaweka akiba. Akaiweka brashi kwenye kopo, akaenda nyuma ya nyumba, tukasikia anaburuta kitu. Akarudi na zile mbao ndefu anazosimamia akipaka kuta za juu, zina madoa ya rangi za nyumba za mji mzima. Mbao zake za kazi, ambazo hata mimi hanikubalii kuzikalia.

"Baba, kazini utasimamia nini?"

"Nitapaka za chini," akasema.

Tulipogeuka, dada alikuwa dirishani. Sijui amesimama hapo tangu lini. Shavu lina mikunjo ya shuka.

"Siku mliyotoa kitanda ndiyo niliyoacha kulala," akasema. Hakulalamika, alisema kama anavyosema habari za maji. "Nilikuwa naota nimerudi na sanduku. Mnanifungulia mlango, mnafurahi, halafu mnaangaliana. Hamjui mniweke wapi. Kila usiku hivyohivyo. Jibu lilipokuja nikaona ah, sasa naweza kulala. Limeshatokea."

Mama akasema, "Godoro hili linataka foronya yake. Nitalipima," akaingia ndani haraka, na cherehani haikusikika kwa muda.

Tukakiingiza chumbani, na dada akalala kwenye kitanda kile mchana huohuo. Akajizungusha ndani ya lile bonde kama paka, likamchukua mzima, mgongo na magoti. Akacheka, mara ya kwanza tangu jibu lile la chuo.

"Limenikaa."

"Halikufanywa kwa ajili yako, limeharibika."

"Basi tumeharibika saizi moja."

Niliwaambia wa nyumbani mlango wa chumba usibamizwe, na watu waongee taratibu. Walinitii, sijui kwa nini. Nyumba ikawa nyeupe na kimya kama bwenini. Baba alipita koridoni kwa soksi. Mjomba alipokuja kuuliza jibu, mama alimwekea kidole mdomoni, na mjomba, ambaye hajawahi kunyamazishwa na mtu, akanywa chai yake yote kwa ishara. Mimi mwenyewe nilikaa. Nilikaa kwenye kiti nje ya mlango ule bila kutingisha mguu, naangalia mwanga ukitambaa sakafuni, nikawa naona kama kweli kuna kitu kinapita huko chini, kinatuvuta wote polepole upande mmoja.

Alasiri moja nikasikia maji. Maji kabisa, yanadondoka. Nikasukuma mlango. Dada amechuchumaa na karai, ameviweka ndani vile vipande vilivyobaki, kimoja juu ya kingine, anamimina maji kwa kikombe. Na ameyatia rangi ya baba.

"Njoo," akasema bila kugeuka. "Hapa pamekuwaje? Mbona yanasita?"

Nikapapasa. "Hapa povu limebanana. Ndipo lilipozama. Juu ni laini."

"Angalia."

Tukaangalia. Ile samawati ilishuka haraka kwenye sponji laini, ikafika pale pagumu, ikasimama. Ikajitandaza pembeni, inatafuta. Nilidhani imegoma. Nikataka kubonyeza, akanizuia mkono. Tukakaa. Kwa muda mrefu hakukuwa na kitu, mwanga tu dirishani na mimi na dada yangu na karai. Kisha, chini kabisa, upande ambao sikuutegemea, ikatokea nukta ya samawati. Ikavimba. Ikadondoka.

"Yalikuwa yanatembea," nikasema.

"Muda wote." Alikuwa amefumba jicho moja kama mtu anayelenga. "Jiwe pia liko hivi, Kiroboto. Watu wanafikiri chini kuna ziwa. Hakuna ziwa. Kuna jiwe lenye matundu na maji yamo humo yanangoja. Mimi niliwaandikia nataka kujua maji yote ya chini, yanatoka wapi, yanaenda wapi, yana umri gani, yatatosha mpaka lini..."

"Kila kitu."

"Kila kitu. Ndiyo wakasema pana." Akagusa pale pagumu. "Sasa nauliza hapa tu. Yakifika mahali jiwe limebanana, yanangoja kiasi gani kabla ya kupita?"

"Hilo ndilo swali? Watu wanasomea hilo?"

"Wanasomea."

"Miaka?"

"Miaka."

"Na mimi mliniambia nimepotea."

Alinirushia kipande cha sponji kilicholowa, kikanipata shingoni. Halafu akaniambia toka, na hiyo toka haikuwa kama ile niache ya kwanza. Nilisikia vidole kwenye kompyuta mpaka mama alipoita chakula, na hakuja, na mama hakuita mara ya pili, alimfunikia.

Mwezi haujaisha akatuma. Alimpigia na mjomba siku hiyohiyo, akamwambia kiti atakikalia, ashukuriwe sana, lakini amwambie daktari ukweli kwamba huyu msichana anasubiri jibu mahali. Mjomba akasema anayesubiri mahali hafai mapokezi, kisha akafikiri, akasema kumbe ndiyo kazi yenyewe.

Basi akawa anaenda kliniki ya macho, anawaandika watu wanaoona ukungu, anawaambia kaa hapo utaitwa. Anarudi, anavua viatu, analala bondeni kwake. Mimi nikabaki kwenye kochi langu na chuma chake. Kazini Bwana Povu alinirudisha bwenini baada ya kuniweka mbele kwa muda mrefu, na sasa naweka shavu kwenye bonge na kusubiri kweli. Kuna mchana nilisubiri mpaka nikasinzia nimesimama.

Jibu lilimkuta kazini. Hakulifungua huko. Alikuja nyumbani, tukamwona usoni, mama akabaki na mguu hewani juu ya pedali. Dada akavua viatu, akaviweka sawa, akaingia chumbani bila kufunga mlango, akalala kitandani. Tukasikia mbao za baba zikilia kidogo. Kisha sauti yake, kutoka humo ndani.

"Wamekataa."

Mama akataka kuinuka. Baba akatingisha kichwa.

"Wanasema swali ni zuri," sauti ikaendelea. "Wameandika hivyo, zuri. Nafasi zimejaa. Niombe tena msimu ujao." Halafu, "Nalala kidogo."

Akalala. Hatukula vizuri. Baba alizunguka na soksi zake. Mimi kochini nikaota bwenini, mabonge yamelala, na kila moja nikiweka shavu nasikia mtu anapumua, nami nazunguka kwa vidole nikiwaambia watu shii, bado, bado.

Kulipopambazuka nilikuwa nafunga kamba za viatu, mama anamimina chai, baba anatafuta kofia. Mlango ukafunguka. Dada, nywele upande, shavu limechorwa na foronya ya mama.

"Kiroboto, huko kwenu kuna sponji ngumu kuliko hii?"

"Ipo ya makochi. Ngumu kama roho ya Bwana Povu."

"Niletee kipande. Na kingine laini." Akapiga miayo mpaka macho yakatoka machozi, akajifuta na kiganja, akaanza kuelekea bafuni. "Nimepanga vibaya, nilianza na laini juu. Nataka nione ikigeuzwa."

Tuliangaliana sisi watatu.

"Chai yako iko mezani, Profesa," mama akasema, akiwa ameinama juu ya birika. Nadhani hata hakujisikia akisema hivyo.

"Naja," dada akajibu.